Mkono wa Kulia

Mwanangu alizaliwa mwanzoni mwa mwaka wa 2018, mtoto mkubwa, mzito, na bega lake likakwama njiani. Daktari na wakunga walifanya kazi kwa haraka sana, mimi nikiwa nimeshika mkono wa mke wangu bila kujua kama nampa nguvu au ninamwegemea. Kisha mtoto akalia. Chumba kizima kikashusha pumzi, na mmoja wao akaniambia hongera, baba. Nilidhani hofu imeishia hapo.

Mke wangu ndiye aliyeona kwanza. Yeye ni muuguzi katika makao ya wazee hapa Euless, Texas, tunapoishi, na macho yake hayaendi likizo. Walipomlaza mtoto kifuani pake, mkono wa kushoto ulijikunja kama wa mtoto mchanga yeyote, ngumi ikiwa chini ya kidevu. Wa kulia ulilala tu ubavuni, umenyooka, kiganja kimegeukia nyuma. Aliuinua kidogo kwa kidole chake, akauachia. Ukaanguka.

“Huu mkono hausogei,” alisema. Hakupaza sauti. Aliongea kama anavyoongea akiwa kazini, na hilo ndilo lililonitisha.

Daktari wa watoto alikuja akatueleza kwa upole. Mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi ilikuwa imevutwa wakati wa kuzaliwa. Vidole vilikuwa vinacheza, na hiyo ilikuwa dalili nzuri. Shida ilikuwa begani na kwenye kiwiko. Watoto wengi hupona wenyewe, alisema, wengine huhitaji mazoezi ya muda mrefu, na wachache hufanyiwa upasuaji. Nilimuuliza wetu yuko kundi gani. Akasema hakuna mtu anayeweza kujua kwa sasa.

Wiki za kwanza tuliambiwa tuuache mkono upumzike. Tulikuwa tukiibana mikono ya fulana yake kifuani kwa pini, ili ule wa kulia usining'inie akibebwa. Mama yangu, aliye Nakuru, alimwona kwenye simu ya video akauliza mbona mtoto amefungwa kama aliyevunjika. Nikamweleza yote. 

“Basi mtunzeni,” akasema. “Mimi nitawaambia wenzangu kanisani wamwombee.”

Kisha mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaanza kuja nyumbani. Alikuwa mama wa hapa hapa Texas, mrefu, mwenye mvi, na siku ya kwanza alipoona viatu vyetu vimepangwa mlangoni alivua buti zake bila kuambiwa. Hakuketi kwenye kochi. Alikaa chini kwenye zulia, akamlaza mwanangu mbele yake, akaushika ule mkono kama anavyoshika mkono wowote. Mimi na mke wangu tulikuwa tumezoea kuushika kama yai.

“Mkono haujafa,” alituambia. “Unasubiri mishipa ikue tena, na mishipa hukua polepole. Kazi yenu ni kuhakikisha kwamba siku ikifika, viungo havijakaza.”

Mazoezi yalikuwa ya kufanywa kila tulipobadilisha nepi. Kwanza kiwiko kinabanwa ubavuni na mkono unageuzwa nje taratibu. Kisha unainuliwa juu ya kichwa, na hapo ndipo penye kazi: ule mfupa bapa wa nyuma ya bega lazima ushikwe usisogee, la sivyo ndio unaopanda, na bega lenyewe linabaki limefunga vile vile. Alipokuwa mdogo na mtulivu, mtu mmoja aliweza. Alipoanza kupinda mgongo na kupiga mateke, tukahitaji watu wawili.

Hapo ndipo tulipopata taabu, kwa sababu mtu wa pili alikuwa mama mkwe wangu.

Visa yake ilichelewa. Alikuwa aje mtoto anapozaliwa, akafika mtoto akikaribia miezi mitatu, likizo ya mke wangu ikiwa imekwisha. Mke wangu anatoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Mimi napakia mizigo kiwanja cha ndege, na zamu yangu inaanza alasiri. Kwa hiyo asubuhi zote nyumbani tulibaki watatu: mimi, mtoto na mama mkwe.

Mimi nimekulia Nakuru mjini na mambo ya mila nayajua nusu nusu. Mke wangu ni wa Bungoma, na kwao mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawaketi pamoja, hawatazamani usoni. Si chuki, ni heshima, tena kubwa. Kule nyumbani ni jambo rahisi, maana kuna boma na kuna miti na kuna majirani wa kupitishia maneno. Sisi tulikuwa na vyumba viwili vya kulala na jiko lisilo na ukuta, ghorofa ya pili, ndege zikipita juu ya paa.

Mama mkwe alijitahidi. Nikiingia sebuleni, yeye alikuwa na jambo la kufanya jikoni. Nikienda jikoni kuchukua maji, alitoka kuangalia nguo. Alipokuwa na neno la kuniambia, alimwambia mtoto.

“Mwambie baba yako chai iko mezani.”

“Mwambie nyanya asante sana,” nami nilijibu, nikimtazama mtoto huyo huyo, ambaye alitutazama kwa zamu na kutoa mate.

Tuliishi hivyo kwa amani hadi yule mtaalamu alipokuja tena. Alinitaka nimwoneshe zoezi la kuinua. Nikajaribu peke yangu, mtoto akajipinda, mfupa wa bega ukaniponyoka. Akatikisa kichwa.

“Hapana. Kuanzia sasa muwe wawili. Mmoja ashike bega, mwingine ainue.” Akageuka kumtazama mama mkwe, ambaye alikuwa amesimama jikoni akitupa mgongo, akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa inang'aa. “Bibi anaweza kukaa hapa mbele yako. Goti kwa goti.”

Nilimtafsiria mama, isipokuwa hayo maneno ya mwisho. Hayo niliyameza. Lakini mtaalamu alikuwa anapigapiga zulia kwa kiganja, pale pale mbele yangu, na hilo halikuhitaji kutafsiriwa.

“Mwambie baba yako,” mama alimwambia mtoto kutoka jikoni, “mimi siwezi kukaa hapo.”

Nikamweleza mtaalamu kwa ufupi kwamba kwetu kuna heshima fulani. Alisikiliza vizuri, hakucheka. Akasema anaelewa, na kwamba bega la mtoto halitangoja. Akafanya zoezi mwenyewe, akavaa buti zake, akaenda.

Siku iliyofuata asubuhi, wakati wa kubadilisha nepi, mama alitoka chumbani na leso yake moja ya kujifunga kiunoni. Aliikunja kwa urefu ikawa nene kama mto, akailaza kwenye zulia katikati ya mahali ambapo mimi nilikuwa nimepiga magoti na mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kisha akaja akaketi upande ule mwingine. Macho yake yalikuwa kwenye leso.

“Mwambie baba yako huu ni ukuta,” alisema. “Yeye yuko kwake, mimi niko kwangu.”

“Mwambie nyanya nimeuona,” nikasema.

Tukamlaza mtoto juu ya ukuta. Nikamwonesha mama pa kushika. Alikuwa amelea watoto wengi, na hakuna hata mmoja ambaye aliogopa kumshika kama huyu. Mimi nikainua mkono, polepole, nikasimama pale ulipokataa, nikangoja, ukakubali kidogo. Mtoto alilalamika. Mama akaanza kuvumisha wimbo wa kanisani kwa mdomo uliofungwa, na mtoto akanyamaza kusikiliza.

Tulipomaliza aliushika ule mkono mdogo, akaufungua kiganja.

“Huu ndio mkono wa kulia,” alisema, sijui akimwambia nani kati yetu. “Ndio wa kulia chakula, ndio wa kusalimia watu. Haiwezekani ubaki hivi.”

Tulifanya hivyo kila asubuhi. Sikumbuki ni lini leso iliacha kutandikwa. Kuna siku ilikuwa kwenye kamba inakauka, na hakuna aliyeitaja.

Mtoto akiwa na umri wa miezi mitano hivi, kiwiko kilikuwa bado hakijakunjika hata mara moja kwa nguvu zake mwenyewe, na tukatumwa Houston kwa daktari mpasuaji anayeshughulika na mikono ya namna hii. Tulienda wote wanne. Daktari alikuwa mtu mtaratibu, mwenye mikono mikubwa yenye joto. Alimtekenya mtoto, akamwonesha kijiti chenye njuga, akaweka kidole gumba juu ya msuli wa mkono akangoja kwa muda mrefu.

“Kuna kitu,” alisema. “Kidogo sana. Unashtuka, lakini hauna nguvu ya kukunja.”

Alitueleza kwamba atatupa muda zaidi. Mtoto akikaribia miezi tisa tumrudishe. Kama atakuwa hawezi kupeleka chakula mdomoni kwa mkono huo, basi atafungua shingo, achukue mshipa kutoka mguuni na kuunganisha ulioharibika. Mke wangu aliuliza maswali yote kama muuguzi: dawa ya usingizi, kovu, muda wa kupona. Aliandamana na daktari hadi mlangoni akimshukuru. Tulipofika kwenye gari, alikaa kiti cha mbele, akafunga mkanda, akalia kwa namna ambayo sijawahi kumsikia akilia, hata siku ya kujifungua.

Niliwasha gari kwa sababu sikujua la kufanya. Mtoto naye, kusikia mama yake, akaanza kupiga kelele nyuma. Tulikuwa hatujatoka hata kwenye maegesho.

“Mkwe,” ikasema sauti nyuma yangu. “Simamisha gari.”

Hakuwa amemwambia mtoto. Alikuwa ameniambia mimi. Nikakanyaga breki.

Mama mkwe alifungua mlango wake, akazunguka, akafungua mlango wa binti yake. “Toka ukae na mtoto wako,” alimwambia. “Mlie pamoja huko nyuma mpaka mtosheke.” Kisha akaingia yeye kiti cha mbele, kando yangu, akavuta gauni lake magotini na kutazama mbele.

Kutoka Houston hadi kwetu ni mwendo wa zaidi ya saa nne, barabara moja iliyonyooka. Mke wangu alinyamaza, mtoto akalala. Tulipopita misitu ya misonobari ile inayoanza ukiiacha Houston, mama akakohoa.

“Wazee wa kwetu,” alisema, “hawajawahi kuona barabara ndefu hivi. Wangeiona, wangesema mama mkwe anaweza kukaa mbele.”

Nilicheka mpaka gari likayumba kidogo. Naye akacheka, akiwa amejifunika mdomo kwa kiganja, bado hanitazami. Kuanzia hapo tukaongea. Aliniuliza kazi ya kiwanja cha ndege ikoje, kama mizigo inapotea kweli au ni watu wanaoiba. Aliniambia mke wangu alipokuwa mdogo alikuwa akifunga bandeji kuku. Mke wangu akajibu kutoka nyuma, kwa sauti iliyoziba, kwamba hao kuku walipona.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kazi tu. Mtaalamu alituongezea mambo: kumlaza mtoto ubavu ili mkono usipigane na uzito wake wenyewe, kumpitishia vitambaa tofauti kwenye ngozi, taulo, hariri, sponji ya vyombo, ili ubongo usisahau kwamba mkono upo. Mama alipenda hilo la vitambaa. Alimpapasa kwa kila kitu kilichokuwa nyumbani, hadi majani ya sukumawiki.

Asubuhi moja tulikuwa tunamaliza, mama ameinama juu ya mtoto akimfunga nepi, na mtoto akakunja kiwiko. Hakukuwa na maandalizi. Mkono wa kulia ulipanda kutoka kwenye zulia, ukitetemeka kama wa mlevi anayetafuta kufuli, ukafika kwenye kitambaa cha kichwa cha nyanya yake, na vidole vikafunga. Kisha akavuta. Kitambaa kikatoka.

“Ameshika!” Mama alipiga kelele, na kunikamata mkono kwa nguvu zake zote. “Baba, ameshika kitambaa changu! Umeona? Umeona?”

Nilikuwa nimeona. Tulikuwa tumepiga magoti pale, mama mkwe wangu kichwa wazi, amenishika mkono, sote wawili tunatazama mtoto anayetafuna kitambaa kama mbuzi. Nilimrekodi kwa simu nikampelekea mke wangu. Alinipigia kutoka stoo ya mashuka kazini kwake, akanong'ona, “Rudia. Nielezee tena, tangu mwanzo.” Nikamweleza tangu mwanzo.

Bila shaka mtaalamu alipokuja, mtoto alikataa. Tulimwekea kitambaa, tukamwekea funguo, mama akajipindisha kila upande. Mkono ulilala. Mtaalamu aliitazama video mara kadhaa huku akitabasamu.

“Nawaamini,” alisema. “Mpaka mrudi Houston atakuwa amechoka kuficha.”

Tulirudi Houston wiki chache kabla ya mama kurejea Kenya. Njiani hakuna aliyetaja upasuaji. Mke wangu alikuwa amepakia begi kubwa, nguo za siku nyingi, na mimi nilijua kwa nini, sikuuliza. Mama alikaa mbele bila kuambiwa.

Daktari aliketi kwenye kiti kidogo chenye magurudumu, mtoto akiwa mapajani kwa mama yake. Kipimo chenyewe, alisema, ni biskuti. Tulidhani anatania. Akatoa biskuti ya watoto kwenye droo, akaushika mkono wa kushoto chini kwa upole usisaidie, akaiweka biskuti kwenye mkono wa kulia.

“Akikunja kiwiko na kuifikisha mdomoni, vizuri. Akiinamisha shingo kuifuata biskuti, hiyo si kazi ya mkono.”

Mtoto aliitazama biskuti. Akamtazama daktari. Akainamisha kichwa. Lakini alikuwa anaichunguza tu. Aliinua kichwa tena, akafungua vidole, na biskuti ikaanguka sakafuni.

“Haina shida,” daktari akasema. “Ninazo nyingine.”

Ya pili aliishika vizuri. Kiwiko kilitoka nje upande, kikapanda kama cha mtu anayepuliza tarumbeta, na mkono ukaanza safari. Ulisimama katikati. Mama alikuwa amesimama karibu na ukuta, midomo inacheza bila sauti. Mkono ukaendelea. Biskuti ikagonga shavu, ikateleza, ikaingia mdomoni. Mwanangu akaiuma na kututazama sote kwa mshangao, kwa nini watu wazima wananyamaza hivi mtu akila.

Daktari aliuachia mkono wa kushoto. “Sitamfungua huyu,” alisema. “Mishipa inajirudishia nguvu yenyewe.”

“Amesema nini?” mama akauliza. “Niambie, amesema nini?”

“Amesema hakuna kisu, Mama.”

Alijibu kwa Kibukusu, lugha ya kwao, neno moja refu, halafu akainama na kuanza kuokota vipande vya biskuti sakafuni, kimoja kimoja, huku machozi yakimdondoka. Daktari alimwambia asijisumbue, kuna watu wa kusafisha. Mama hakumwelewa na hakuacha. Mke wangu alikuwa ameweka uso wake kwenye shingo ya mtoto, mahali pale pale ambapo kisu kingepita, na alikuwa anacheka.

Daktari alikuwa mkweli kwetu. Bega halitakuwa kama lile jingine, alisema; huenda mkono usinyooke juu kabisa, na mazoezi yaendelee. Tuliitikia kwa vichwa, kwa furaha kama watu wanaosomewa orodha ya zawadi.

Tulitoka na njaa ambayo sikujua ninayo. Kusini-magharibi mwa Houston tulipata mkahawa wa mama mmoja Mkongo, tukaagiza samaki na ugali, ambao yeye aliuita bugali. Sote tulikaa meza moja. Mama mkwe alinawa mikono, akanipitishia sahani, akanitazama usoni na kusema, “Kula, mwanangu.” Yule mwenye mkahawa alisimama kando yetu akimwangalia mtoto, ambaye alikuwa anajipaka ugali kwa mikono miwili.

“Mutoto anakula muzuri!” alisema.

“Anakula muzuri sana,” mke wangu akamjibu, kwa lafudhi ile ile.

Mama alirudi Bungoma. Mtaalamu aliendelea kuja kila wiki, halafu mara moja moja. Mwaka wa 2020, corona ilipofunga kila kitu, akawa anatutembelea kwa video, akituambia tumrushie mtoto mpira juu zaidi, tumtundikie vitu juu zaidi. Siku ya mwisho alimtazama akipanda kochi, akashuka, akapanda tena.

“Mimi hapa sina kazi tena,” alisema, na akapungia mkono.

Katika siku zile za kukaa ndani, mwanangu alipata kalamu ya nta ya bluu na kuchora ukuta wa sebule akiwa amesimama juu ya kochi hilo, kwa mkono huu na kwa mkono ule, kila mmoja hadi pale ulipofika. Mistari ya kushoto imepanda kuliko ya kulia. Tofauti yenyewe ni kama upana wa kiganja changu, nilipima. Mke wangu alisema tutapaka rangi siku ya kuhama. Tumekuwa na nafasi ya kuhama mara mbili, na kila mara tunaona nyumba hii bado inatutosha.